Mkahawa Aliouchagua Springi

Hakuwa na nywele, ila kidogo juu ya masikio. Hakuwa na suti, hakuwa na tai, wala hakuwa na kiatu kisicho na tone la gundi. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Hakuwa na ulimi wa kuonja: wali ulioungua na wali uliopikwa ukapikika, kwake vilikuwa ndugu wa baba mmoja. Hakuwa na subira ya kusikiliza hotuba. Na juu ya yote hayo, hakuwa na mtu hata mmoja katika ukoo wake aliyewahi kumpa jambo la kuamua, isipokuwa jambo hilo liwe na miguu minne na liwe linapiga kelele likikaliwa.

Alikuwa fundi wa makochi, na nyumbani walimwita Springi tangu siku alipofungua kochi la wageni, akiwa bado kijana mdogo, ili aone kilichokuwa kinamrusha shangazi yake. Kochi likibonyea, Springi aitwe. Kiti kikivunjika mguu, Springi yuko wapi? Lakini harusi ikipangwa, yeye huambiwa tu siku ya kuja kubeba viti.

Mwaka huo familia ilikuwa imewapeleka wazazi mapumzikoni, katika mji mdogo wenye ziwa na vilima, mji ambao watu huenda kufanya uvivu kwa utaratibu. Walikuwa wanne. Baba alikuwa dereva wa treni mstaafu. Mama alikuwa mkunga, naye alistaafu baada ya kuwapokea duniani nusu ya watu wa mtaa wao. Dada mkubwa alikuwa mwalimu mkuu, na ndiye aliyeandika ratiba ya mapumziko. Kila kitu kilikuwa na saa yake: kutembea, kutazama maua, kutazama ziwa, na hata kupumzika kwenyewe, ambako kuliwekwa katikati ya kupanda kilima na kushuka kilima.

Siku ya kuadhimisha ndoa ya wazazi ilipofika, walikuwa mezani hotelini wakinywa chai ya asubuhi. Mama akafuta mdomo, akasema kama mtu anayeomba sukari:

"Leo mahali pa kula jioni atachagua Springi."

Kikombe cha Dada kikasimama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Springi yupi?"

"Kwani tunao wangapi?"

"Mama, huyu atatupeleka gereji!"

"Kuna gereji nzuri siku hizi," alisema Baba, huku akipaka siagi.

"Baba, mimi sitanii. Mwaka jana nilihangaika wiki nzima kuwatafutia mahali."

"Mwaka jana," alisema Springi taratibu, "Baba aliinuka kukata keki, akainuka na kiti chake."

Hilo halikuweza kukanushwa. Lilikuwa limepigwa picha. Kiti cha plastiki chenye mikono kilimshika Mzee kiunoni kama mtoto asiyetaka kuachwa nyumbani, na wahudumu wawili wakavuta kwa zamu.

"Sawa," alisema Dada, akakiweka kikombe chini. "Ila mimi nimeshaongea na watu wa hoteli hapa. Ukumbi wa chini, maputo, na yule bwana wa kinanda. Springi asipotuletea jina la mahali kabla ya chakula cha mchana, tunabaki na ukumbi. Na akituharibia siku ya wazazi, mdogo wangu huyu, nitamkumbusha mpaka nikiwa kizee."

Aliposikia kinanda, Mama alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba ameona nzi.

Springi alikuwa amefurahi. Aliogopa pia. Alijua kwamba akivurunda leo hataulizwa tena jambo lolote maisha yake yote, na hata jeneza lake Dada ndiye atakayelichagua, na litakuwa na maputo.

Akaanza kwa busara: akaenda kuwauliza wenyewe. Akamkuta Mama chumbani anakunja kanga.

"Mama, unapenda tukale wapi?"

"Mimi popote tu, mwanangu."

"Popote wapi?"

"Popote. Isipokuwa penye ngazi. Na penye muziki wa kukupigia sikioni. Na pale penye upepo, baba yako kifua. Na pasiwe na giza, nitakula mfupa nikidhani ni nyama. Lakini mimi sina neno, popote tu."

Akaenda kwa Baba, aliyekuwa amesimama dirishani akihesabu moyoni mabasi yanayochelewa.

"Baba, wewe je?"

"Muulize mama yako."

"Kasema popote."

"Basi na mimi hapo hapo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa familia hiyo. Hakuna aliyewahi kusema anachotaka. Kutaka kitu kwa sauti kulionekana ni kukosa adabu, kama kujikuna mbele ya wageni. Ilibidi watu wabahatishe, na waliobahatisha vibaya walijulishwa kwa kimya.

Springi akatoka kwenda mjini. Mtu mwingine angetazama menyu, angenusa jikoni, au angeuliza wapita njia. Springi hakuona faida ya hayo. Chakula kitapita, alijiambia, kiko mdomoni dakika mbili tatu, kimekwenda. Lakini makalio yatakuwa pale jioni nzima. Akaamua kuchagua mkahawa kwa viti vyake.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa kando ya ziwa, umejaa watu na mwanga. Viti vilikuwa vya plastiki, vyenye mikono. Springi alivitazama akiwa mlangoni, vikamtazama. Hakuingia.

Wa pili ulikuwa na mapazia mekundu na sakafu inayoteleza kama samaki. Viti vyake vilivalishwa mahameli. Springi akaingia, akachagua kimoja, akakaa, akainuka, akakaa tena kwa upande. Kisha akakipindua miguu juu na kukiweka juu ya meza, kati ya glasi na vitambaa vya kufutia mikono, akaanza kukibonyeza tumbo kwa kidole gumba.

Mhudumu mwenye tai akamjia mbio. "Bwana, umepoteza kitu?"

"Hapana. Namtazama utumbo."

"Nani?"

"Kiti. Humu mmejaza matambara, ndugu yangu. Juu mahameli, ndani matambara. Mnawafanyia hivi binadamu?"

Mhudumu akarudi nyuma, akanong'ona na mtu wa mapokezi, naye akanong'ona na pazia. Nyuma ya pazia akatoka meneja, anatabasamu kwa meno yote, anapangusa mikono.

"Karibu sana, mzee. Wangetuambia tu kuwa mnakuja kukagua. Twende ofisini tuyamalize."

"Tumalize nini? Mimi ndiyo kwanza nina kiti kimoja."

"Ah, viti tutabadilisha! Na ile friji tutabadilisha."

"Sijauliza friji."

"Na panya tumeshamtoa."

Springi akakishusha kiti polepole, akashukuru, akaondoka. Meneja alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amemfungia keki kwenye karatasi, na Springi akalazimika kukimbia kidogo ili asiipokee.

Jua lilikuwa limepanda, na tumbo lake lilianza kumkumbusha kwamba chakula cha mchana kinakaribia. Akapita kibarabara chenye kinyozi upande mmoja na duka la dawa upande wa pili. Katikati yake palikuwa na mkahawa mdogo, hauna ngazi, hauna kinanda, una madirisha makubwa yaliyofungwa vizuri. Springi akachungulia. Akaona viti. Akavua kofia.

Vilikuwa vya mbao ngumu, mgongo umelazwa kidogo tu, kama mtu anayesikiliza habari njema. Akaingia, akapiga magoti, akatazama chini ya kimoja. Mikanda ilikuwa imesukwa kwa kubana, springi zimefungwa kwa kamba moja moja, kwa mkono, mafundo yote yanaelekea upande mmoja. Juu yake manyoya, juu ya manyoya sponji, juu ya sponji kitambaa kizito kilichoshonwa ukingoni kwa uzi mnene, na mgongo mrefu umevalishwa vivyo hivyo.

"Kuna mtu huko chini?" iliuliza sauti.

Ilikuwa ya mwenye mkahawa, mama mnene aliyening'iniza miwani shingoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama. Nani alitengeneza hivi?"

"Marahaba. Marehemu mume wangu. Alikuwa mvivu, Mungu amrehemu. Kazi aliyoijua vizuri ni kukaa."

"Alikuwa mtu mkubwa," alisema Springi kwa sauti nzito.

"Alikuwa na kilo zake, ndiyo. Kaa basi."

Springi akakaa. Akataka kufikiri kuhusu mgongo wa Baba na kiuno cha Mama. Akafumba macho kidogo ili afikiri vizuri zaidi. Alipoyafumbua, mwenye mkahawa alikuwa anamgonga begani kwa mwiko.

"Wewe! Umekuja kula au kulala?"

"Nimekuja kuweka nafasi," alisema Springi, akijifuta mate. "Leo jioni. Ni siku ya ndoa ya wazazi wangu."

"Sawa. Ila mimi chakula changu hakina haraka. Sipiki kabla mtu hajaagiza."

"Haina shida."

Alikuwa mlangoni alipokumbuka kwamba Dada angemuuliza jambo moja. Akageuka. "Unapika nini?"

"Chakula," alisema mwenye mkahawa.

"Vizuri," alisema Springi, akaridhika kabisa.

Jina la mahali alilifikisha hotelini kabla tu ya chakula cha mchana, na jioni wakaenda. Dada alikuwa ametekeleza ratiba yake yote: asubuhi walipanda kilima, mchana wakazunguka bustani, alasiri wakatembea ufukweni mpaka mwisho wa ziwa kuona jiwe ambalo, walipofika, lilikuwa jiwe. Baba alivaa koti lake la harusi za wengine. Mama alivaa gauni jipya na hereni. Dada alivaa uso wa mtahini.

"Hapa?" aliuliza akiwa mlangoni. "Kati ya kinyozi na dawa?"

"Ingia, dada yangu. Ukae."

Waliketi. Baba alipokishukia kile kiti, akatoa pumzi ndefu kama treni inapofika kituo cha mwisho. Mama akajisogeza, akajisogeza tena, kisha mabega yake yakashuka, yale mabega ambayo Springi hakuwahi kuyaona yakiwa chini.

"Ala!" alisema Mama.

"Eeh," alisema Baba.

Springi nusura aruke. Katika familia yao hayo yalikuwa maneno mengi. Mwenye mkahawa akaja, wakaagiza supu kwanza, kisha samaki wa kuoka. Dada akafungua mkoba, akatoa karatasi ya hotuba aliyoiandika kuhusu maana ya ndoa, akasimama, akakohoa.

"Wazazi wetu wapendwa. Ndoa ni kama shule..."

Akaendelea hadi kwenye muhula wa pili wa ndoa. Ndipo aliposikia sauti kama ya mtu anayeburuta sanduku sakafuni. Akainua macho. Baba alikuwa amelala, kidevu kifuani. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, hereni moja imelalia kitambaa cha kiti.

Dada akakaa ukingoni mwa kiti chake. "Umewafanya nini wazazi wangu?" alinong'ona.

"Wazazi wetu."

"Springi! Watu wanatuangalia!"

"Wamechoka. Nani kawatembeza mpaka kwenye jiwe?"

"Jiwe lilikuwa kwenye ratiba!"

"Basi na usingizi ungeuandika."

"Waamshe."

"Waamshe wewe. Unamjua Baba akishtuliwa."

Dada akaangusha kijiko kwa makusudi. Bila kufumbua macho, Baba akanyoosha mkono, akaishika chupa ya pilipili iliyokuwa katikati ya meza, na kuivuta kifuani kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefunga breki mbele ya ng'ombe. Glasi zikagongana. Kisha akatulia, treni imesimama salama, akaendelea kukoroma akiwa ameikumbatia.

Mtu wa meza ya jirani akainama kuelekea kwao. "Samahani. Wamekunywa nini?"

"Bado hawajanywa kitu," alisema Springi. "Ni viti."

Yule bwana akakitazama kiti chake, akakaa wima, na mkewe akakaa wima.

Supu ikaja ikifuka moshi. Dada akaipokea kwa hasira. "Ukumbi ule ningekuwa nimewasha mishumaa sasa hivi. Ningekuwa natoa zawadi. Wewe umepewa kitu kimoja tu, Springi, kimoja, na tazama. Siku yao ya ndoa wanakoroma mbele za watu! Mimi siondoki hapa. Nitakaa hivi hivi mpaka Mama aamke, nione utamwambia..."

Aliposema nitakaa hivi hivi, aliegemea. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Springi aliona kwa macho yake jinsi kiti kilivyompokea dada yake. Hasira zilimtoka kuanzia mabegani, zikashuka mikononi, karatasi ya hotuba ikateleza sakafuni, na mwalimu mkuu akalala kabla hajamaliza sentensi, jambo ambalo hakuwahi kumsamehe mwanafunzi yeyote.

Sasa Springi alibaki peke yake na mabakuli manne. Alikaa ukingoni kabisa, magoti yamebanana, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Akawaza kuagiza teksi iwabebe wote hotelini wakiwa na viti vyao. Akawaza kuhama nchi. Supu ilikuwa inapoa, na pamoja nayo jina lake. Maneno ya kwanza ya Mama atakapoamka ndiyo yatakayosemwa kila mwaka, kwenye kila sherehe, mbele ya wajukuu: mnakumbuka siku Springi alipochagua?

Mwenye mkahawa akaja na kuwatazama, mikono kiunoni.

"Marehemu angefurahi," alisema, akachukua mabakuli na kuyarudisha motoni. Aliyarudisha, akayaleta, akayarudisha tena.

Mama ndiye aliyeamka kwanza. Aliamka kama wakunga wanavyoamka, mara moja na macho yote. Akagusa hereni. Akamtazama mumewe, akamtazama binti yake, kisha akamtazama Springi.

"Tumeshakula?" aliuliza Mama.

"Bado, Mama. Nisamehe. Ningejua..."

"Ungejua nini?"

"Kwamba mtalala. Nimewaharibia."

Mama akaupapasa ukingo wa kile kiti, mbele na nyuma. Kisha akafanya jambo ambalo mwanawe hakuwahi kumwona akilifanya. Akasema anachotaka.

"Sikiliza, Springi. Tangu tufike mji huu sijalala. Kitanda cha hoteli kina mteremko, usiku kucha mimi nampanda baba yako au yeye ananijia mimi. Asubuhi dada yako anagonga mlango, kilima kinasubiri. Mimi sitaki kuona jiwe lingine. Sitaki. Na sitaki maputo, nimepokea watoto maisha yangu yote, mlio wa puto likipasuka unanishtua. Nataka samaki mwenye kichwa chake. Nataka Mzee ahamie upande huu, sio kule tunakoangaliana kama tuna kesi. Na kesho nataka kurudi hapa mchana, nikae."

Baba akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Tumefika, mume wangu. Hamia huku."

"Unataka?"

"Nataka."

Baba akaitazama chupa ya pilipili kifuani mwake, akairudisha mezani kwa heshima, na akakivuta kiti chake kuzunguka meza mpaka ubavuni pa mkewe. Kisha, kana kwamba mlango umefunguliwa naye akaona apite kabla haujafungwa, akakohoa.

"Na mimi sipendi keki," alisema. "Sijawahi kuipenda. Miaka yote hii."

"Baba!" alisema Springi.

"Ndiyo hivyo."

Samaki walipokuja, Dada aliamka kwa harufu. Shavuni alikuwa na alama ya ushonaji wa kiti, mstari mzima wa uzi mnene, kama mpira wa miguu. Akawakuta wazazi wanakula kwa mikono, bega kwa bega, Mama anamtolea Baba miiba, wote wanacheka.

"Nimelala?" aliuliza kwa hofu.

"Hapana," alisema Springi. "Ulikuwa unahutubia."

"Mwongo wewe." Akajishika shavu. Akamtazama Mama, akasubiri amuone ndugu yake akisulubiwa.

"Mwaka ujao," alisema Mama, akinyonya kichwa cha samaki, "Springi atachagua tena. Na amechagua hapa. Ila chakula kitangulie, sisi tufuate."

Dada akavuta sahani. Baada ya kula kidogo akasema, bila kumwangalia mtu, "Samaki ni mzuri." Springi hakuweza kuthibitisha, lakini alipokea.

Walipomwambia mwenye mkahawa awawekee meza hiyo kwa mwaka ujao, alitikisa kichwa. "Kwa mdomo nitasahau, watoto wangu. Niandikieni barua. Barua nazibandika jikoni, juu ya jiko, kila siku naziona."

"Dada ataandika," alisema Baba kwa mazoea. "Ana mwandiko."

"Ataandika Springi," alisema Mama.

Asubuhi yake, baada ya chai, hakuna mtu aliyepanda kilima. Springi aliketi kwenye meza ndogo ya mapokezi ya hoteli, ulimi nje, anaandika. Dada alisimama nyuma yake, mikono ameificha mgongoni ili isimponyoke.

"Weka 'Yah', halafu upigie mstari."

"Ya nini? Ni mama wa mkahawa, sio wizara."

"Barua bila 'Yah' ni kikaratasi."

"Dada."

"Haya, haya. Nimenyamaza."

Alipomaliza akamsomea kwa sauti:

"Mama, shikamoo. Mimi ni yule wa chini ya kiti. Tafadhali tuwekee meza ile ile, siku ile ile, mwaka ujao. Supu na samaki viwe mezani kabla wazee hawajaketi, kwa sababu wakishaketi hatuna mamlaka nao. Samaki wawe na vichwa. Keki usiweke. Viti viwili viwe upande mmoja. Kimoja kati ya vile vingine, mguu wa nyuma wa kushoto umelegea, usimpe fundi mwingine, nitakuja kuukaza mwenyewe. Dada yangu atakuwa na hotuba, lakini fupi. Ni mimi niliyechagua, Springi."

"'Lakini fupi' umeitoa wapi?"

"Mama anataka."

Dada akatazama upande wa pili wa ukumbi, ambako Mama alikuwa amekaa na viatu amevua, hafanyi lolote. Akavuta pumzi. "Baada ya 'ile ile' ya pili kuna mkato," alisema, "umesahau." Springi akauweka. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba ukingo wake wote polepole na kuubana kwa kidole gumba, kuanzia kona hadi kona, kama anavyobana kitambaa cha kochi la mtu mkubwa. Dada akalamba stempu. Kisha wakatoka pamoja mpaka kwenye sanduku la posta lililokuwa nje ya hoteli, na Springi akaisukuma ndani.